Nyayo za Mke wa Fundi Kisigino

Miezi saba ilikuwa imepita bila mke wa Fundi Kisigino kutazamwa nyayo zake. Tangu wamzike mumewe, hakuna aliyemshika mguu, na yeye mwenyewe hakutaka ashikwe.

Zamani ilikuwa hivi. Fundi, aliyetengeneza viatu maisha yake yote, ndiye aliyekiona kidoa cheusi kisiginoni kwa mkewe, wakati mwenyewe anasema ni uchafu tu wa uwanjani. Kikakatwa hospitali kikiwa bado juujuu. Ilikuwa saratani ya ngozi, changa kabisa. Daktari akawaonya wasibweteke: aliyewahi kupata moja yumo hatarini kupata nyingine, mahali pengine, hata baada ya miaka. Basi atazamwe mwili mzima kila mwezi, mpaka kwenye nyayo na chini ya kucha.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi Fundi alifunga duka mapema, akavaa miwani ya kazi, akauweka mguu wa mkewe mapajani kama kiatu cha mteja. Haraka hakuwa nayo. Kile kidole gumba chake kigumu, kinachonuka gundi, kilipita taratibu kutoka kisigino hadi vidoleni. Mkono ule ndio mkewe aliokuwa akiutamani sasa kuliko chakula.

"Wewe, lete mguu huo," wifi yake alimwambia asubuhi moja, keshakaa kwenye kigoda. "Kaka yangu nikimkuta huko ataniuliza."

"Mwambie ulinikuta nimevaa viatu."

"Nitamwambia mkeo mbishi kama punda, ila hilo analijua."

Mke wa Fundi akacheka, machozi yakamlengalenga. "Si kwamba nakuonea haya, wifi yangu. Yeye ndiye wa mwisho kuushika. Ukiushika wewe, hilo nalo limekwisha."

Wifi akasogeza kigoda karibu. Kisha akauliza polepole, "Na ukiharibika je, utakuwa umemtunzia nani?"

Mguu ukatolewa. Wifi akauinua, akaugeuza huku na huku.

"Mama wee! Una madoadoa kama kanga. Lipi la zamani, lipi jipya, mimi nitajulia wapi?"

"Kachukue karatasi dukani, ukutani."

Fundi alikuwa na kawaida ya kuchora mguu wa kila mteja kwenye karatasi ili apate kipimo. Wa mkewe aliuchora kila mwezi, akatia kila doa kwa penseli, na tarehe pale kisiginoni. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa ya mwezi aliofariki. Wifi akaiweka ubavuni mwa mguu, akaanza kufuatisha kwa kidole: hili lipo, hili lipo, hili nalo lipo. Karibu na kidole cha mwisho, mkono ukasimama.

"Hapa kaka hakuweka kitu," alisema kwa sauti ndogo.

Wiki hiyohiyo walikwenda hospitali, doa likakatwa, wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili. Siku ya majibu walikaa bega kwa bega, ile karatasi ya Fundi mapajani mwa mkewe, hakuna aliyetania.

"Ni saratani nyingine," daktari alisema. "Si ile ya kwanza iliyorudi. Lakini mmeiwahi, mama. Ilikuwa bado juu ya ngozi, na imetoka yote. Ungekaa nayo mwaka mzima, tungekuwa tunazungumza mengine."

Wifi akashusha pumzi kama aliyetua gunia. Daktari akaichukua ile karatasi, akaisogeza penye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nani kachora hii?"

"Mume wangu."

"Ana jicho huyu! Sijaona mtu akachora vizuri namna hii. Mwambie asiache, kila mwezi, miguu yote miwili."

Wifi akafungua mdomo. Mke wa Fundi akamkanyaga kwa ule mguu mzima, akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Nitamwambia, daktari," alisema.