Maswali Ishirini na Tisa Aliyoyaacha Sunaina

Kila Jumapili asubuhi, kwenye ngazi za mto Ganga pale Patna, vijana hukaa makundi makundi wakitahiniana. Mmoja husimama na kitabu, husoma swali na majibu yake manne, na aliyenyooshewa kidole sharti ajibu kabla msomaji hajahesabu hadi kumi. Kundi la Dhananjay lilikuwa na watu kumi na wanne. Kumi na watatu walikuwa vijana wasiomiliki kitu ila ndevu changa na fomu za kuomba kazi serikalini. Wa kumi na nne alikuwa Sunaina, mke wa mtu, umri wake miaka thelathini na tisa, mwenye binti aliyekwisha kumpita kimo.

Kundi lilikuwa na sheria yake. Ukikosea, unashika masikio na kuchuchumaa mara moja mbele ya wenzako. Ukisema "naacha", unachuchumaa mara mbili, kwa kuwa anayeacha swali ni mwoga. Sheria hiyo aliitunga Dhananjay mwenyewe, ambaye alikuwa amefanya mtihani wa ukarani mara sita na kuanguka mara sita, na kwa ajili hiyo watu wakamhesabu kuwa bingwa.

"Shemeji, zamu yako," alisema Dhananjay. "Mpira wa kriketi una uzito wa gramu ngapi?" Akasoma majibu manne, yote yamekaribiana.

"Naacha," alisema Sunaina.

"Mpira wa kriketi, shemeji? Hata mtoto anajua."

"Basi muulize mtoto. Mimi sijawahi kuupima."

Wakaangua kicheko. Sunaina akajifunga vizuri ncha ya sari kiunoni, akashika masikio, akachuchumaa. Magoti yalilia, na vijana wakahesabu kwa sauti, moja, mbili. Walikwisha kumbandika jina, Shemeji Naacha, na siku nyingine alichuchumaa mara ishirini kabla jua halijapanda. Usiku alilala na mapaja yakimwaka moto, lakini Jumapili iliyofuata alirudi, na swali asilolijua akaliacha vilevile.

Wala hakuwa mwoga. Hesabu alikuwa ameipiga mwenyewe jikoni, nyuma ya daftari kuukuu la binti yake, wakati dengu zikichemka. Katika mtihani ule jibu sahihi lilileta alama moja, na jibu baya lilikata nusu alama. Swali uliloliacha halikuleta wala halikukata.

"Nikiweza kufuta majibu mawili, nikabaki na mawili, najaza," aliwaeleza siku moja. "Hapo faida iko upande wangu. Nikifuta moja tu, nikabaki na matatu, mapato na hasara ni sawasawa, sijisumbui. Nisipoweza kufuta hata moja, nikijaza nimejikata mwenyewe."

"Bahati nayo ina kazi yake, shemeji," alisema Dhananjay. "Ukikwama, weka C. C hutoka sana."

"Ilikutokea hizo mara sita?"

Vijana walicheka mpaka wengine wakalala chali juu ya ngazi. Dhananjay hakucheka.

Walichokuwa hawakijui vijana wale ni kwamba Sunaina hakuwa na mara ya saba, wala ya pili. Mwisho wa umri wa kuomba kazi hiyo ulikuwa miaka arobaini, na arobaini ilikuwa inamgongea mlango. Fomu hii ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Zamani, wiki ile ile matokeo yake ya chuo yalipotoka, alikuwa ameposwa, na tangu hapo vitabu vilikaa juu ya kabati miaka kumi na minane. Baba mkwe wake, Mzee Ramashish, mstaafu wa posta, alimruhusu mara hii moja kwa masharti: akianguka, vitabu vinakwenda kwa mnunua makaratasi chakavu, na yeye anakwenda kukaa na mumewe dukani wauze bangili. Mumewe, Lallan, alikuwa mtu mwema ambaye alimwogopa baba yake kuliko alivyoiogopa serikali.

Na lilikuwapo jambo jingine zito zaidi. Mzee alikuwa ameanza kumtafutia mchumba Nitu, binti yao, ambaye angemaliza darasa la kumi na mbili mwaka ule. Sunaina aliposema mtoto aende chuo kwanza, mzee aliendelea kunywa chai yake kana kwamba paka amepita. Katika nyumba ile aliyesikilizwa ni mwenye mshahara. Sunaina aliutaka mshahara ule kwa hasira, na hakuona haya kuikiri hasira yake.

Siku ya mtihani mama mkwe alimlisha kijiko cha mtindi na sukari kwa ajili ya heri, na mzee akamsindikiza mwenyewe hadi kwenye lango la shule. "Jaza yote," alimwambia. "Usiniletee aibu."

Mle ndani mambo yalikwenda vizuri kwa saa moja na nusu. Aliyoyajua aliyajaza mara moja, kiduara baada ya kiduara, akilinganisha namba ya swali na namba ya mstari kila mara kwa ncha ya kidole. Aliyoyashuku aliyarudia, akafuta majibu kwa kalamu ndani ya kijitabu cha maswali, na yalipobaki mawili alichagua moja, akasonga mbele. Zilipobaki dakika kumi na tano akahesabu. Alikuwa amejaza sabini na moja. Ishirini na tisa yalikuwa meupe.

Hapo ndipo hofu ilipomkamata. Kwenye dawati la pembeni kijana mmoja alikuwa anateremsha kalamu bila hata kusoma, C, C, C. Ukumbi mzima ulikuwa unajaza. Msimamizi akapita, akainama juu ya karatasi ya Sunaina, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, muda upo. Mbona umeacha mashimo hivi?"

"Niache nayo," alisema Sunaina.

Aliyafikiria macho ya mzee pale langoni, akamfikiria mnunua makaratasi na mizani yake. Akayasoma tena yote ishirini na tisa, moja moja, na hakuona hata moja ambalo angeweza kulifutia majibu mawili. Akafunika kalamu, akaikalia, akabaki ameitazama saa ya ukutani mpaka kengele ikalia.

Nje kulikuwa na swali moja tu, lile linaloulizwa kwenye lango la kila mtihani mjini Patna. Hakuna anayeuliza umepata nini. Wanauliza umejaza mangapi.

"Tisini na nane!" alitangaza Dhananjay, na wenzake wakampiga mgongoni.

"Na wewe?" aliuliza Mzee Ramashish.

"Sabini na moja, baba."

Baba za watu waligeuka kumtazama. Mzee akawa mwekundu masikio. "Sabini na moja," alisema taratibu. "Mtihani wa mia. Kwa hiyo theluthi nzima umewarudishia. Ungebaki nyumbani ukasukuma chapati, tungejua moja."

"Nimerudisha nisiyoyajua, baba."

"Kesho namwita mtu wa makaratasi."

"Mwite siku ya matokeo," alisema Sunaina. "Kabla ya hapo, atakayegusa vitabu vyangu tutagombana naye." Hakuwahi kumjibu hivyo tangu aolewe, na Lallan, aliyekuja kuwachukua na alikuwa anawasha pikipiki, aliiwasha mara tatu bila sababu. Vitabu vilibaki juu ya kabati, lakini kwa miezi miwili mzee hakupokea chai kutoka mkononi mwake.

Matokeo yalitoka Alhamisi. Alama za kufaulu na kupata kazi zilikuwa sitini na mbili. Sunaina alipata sitini na sita sahihi, matano mabaya, na baada ya kukatwa akabaki na sitini na tatu na nusu. Alisoma namba yake kwenye simu ya Nitu mara nne, kisha akakaa sakafuni jikoni akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Jioni ile Dhananjay alikuja. Alisimama mlangoni na karatasi yenye hesabu zake.

"Nimepata sabini sahihi, shemeji. Nimekuzidi manne." Sauti yake ilikwaruza. "Ishirini na nane yamenikata kumi na nne. Nimebaki na hamsini na sita."

"Unajua kuliko mimi, mdogo wangu. Hilo nalisema mbele ya mtu yeyote. Kakae ufute hiyo sheria yako ya kuchuchumaa."

Barazani Mzee Ramashish alikuwa amekwisha kununua kilo tano za laddu, vitamutamu vya mviringo vya kugawa siku ya furaha. Majirani walijaa hadi kwenye mfereji, na mzee alikuwa anagawa kwa mkono wake, kilemba kipya kichwani, akieleza kwa sauti ya kuita barua.

"Mkamwana wangu ni simba jike. Hakuogopa hata swali moja. Mia aliyoyakuta, mia aliyajaza."

Katika mtaa ule mke wa mwana hasemi mbele ya wanaume wa baraza. Sunaina alitoka, akasimama katikati yao, uso wazi.

"Sabini na moja, baba."

"Ingia ndani, mama Nitu."

"Nilijaza sabini na moja. Ishirini na tisa niliyaacha kwa makusudi, na ndiyo maana mnakula laddu." Hakupandisha sauti. "Na Nitu akimaliza shule atakwenda chuo. Ada nitalipa mimi. Hilo siliachi."

Mzee akawatazama majirani mmoja mmoja, akitafuta wa kumsaidia. Wote walikuwa wanatafuna laddu zake, midomo imejaa, wakisubiri kusikia atajibu nini.