Utupe Ulutengano

Kikohozi ndicho kilichotangulia. Kilitoka nyuma ya ukuta wa matofali, kikavu, kimekatwa katikati, kama cha mtu anayekohoa huku ameshika mbavu zisisogee. Anyelwisye alisimama njiani na hotpoti mkononi. Alikuwa bado hajaufikia mlango wa kituo cha polisi, hajaona askari wala mahabusu, lakini alishajua ni nani.

Alizunguka hadi kwenye tundu la hewa, akainua uso.

"Ugonile, tata," sauti ya mwanawe ilisema toka gizani.

"Ndaga, mwanangu. Krismasi njema. Nimekuletea wali na samaki, mbasa mnene kabisa."

"Nitameza vipi, tata? Nikimeza tu, huku pembeni panawaka."

"Basi unywe mchuzi. Leo unatoka. Ibada ikiisha tu, unatoka, nakupeleka hospitali."

"Nani kasema?"

"Afande Godwin. Na Meneja wa kampuni mwenyewe."

Tuntufye alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuisha. Baba yake akalitazama tope lililoganda kwenye viatu vyake vya kanisani mpaka kule ndani kukatulia.

Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza. Bonde lote lililo chini ya kijiji cha Mwaya lilikuwa limelainika, miche ya mpunga ikisubiri kung'olewa na kupandikizwa, matrekta ya kampuni ya kilimo cha mpunga yalipoingia. Kampuni ilisema bonde ni lake. Wanakijiji walipiga kelele. Tuntufye hakupiga kelele. Alikwenda akalala chali mbele ya trekta la kwanza, kwenye maji, mikono kifuani. Dereva alizima injini. Ndipo askari walipokuja wakamwinua kwa mateke, na kila teke liliposhuka, Afande Godwin alikuwa akiwapigia kelele watu waliosimama kwenye tuta: "Tunalinda amani hapa! Mnasikia? Amani!"

Anyelwisye alikuwa miongoni mwa waliosimama kwenye tuta.

"Shikamoo, mzee." Afande Godwin alikuwa ametokea mlangoni, viatu vinang'aa, tabasamu limejaa.

"Marahaba, Afande."

"Lo, na ndevu umenyoa! Ukikaa vibaya leo watakuozesha mke wa pili."

"Afande, kijana anaumwa. Kile kikohozi si cha kawaida."

"Nakisikia. Unadhani mimi jiwe?" Alipokea hotpoti, akaifungua, akanusa. "Ufunguo wa mlango huu, mzee, leo sina mimi. Unao wewe mdomoni. Meneja anataka kusikia mzee wa kanisa, baba wa yule aliyelala mbele ya trekta, anaombea amani mbele ya watu. Wapige video, waitume kwa wakubwa wao, waone kijiji kimepoa. Omba vizuri, kijana anakula nyumbani."

Kanisani watu walikuwa wameshajaa hadi kwenye madirisha. Juu ya madhabahu kulikuwa na bango la kitambaa: IBADA YA KRISMASI, TUOMBEE AMANI NA HAKI. Mchungaji Wilson alimvuta Anyelwisye kando, mlangoni mwa ofisi yake.

"Mzee wangu, utaomba amani, sivyo?"

"Nitaomba yote mawili, kama lilivyo bango."

"Bango ni bango, sala ni sala. Haki tuiache kwanza. Ni neno lenye miiba, wageni watalishika vibaya. Fikiria yule mtoto."

"Namfikiria, mchungaji. Sifikirii kingine."

Kupitia dirisha lililokuwa nyuma ya mchungaji yalionekana mabati mapya, yamepangwa chini ya migomba, na kila bati lilikuwa na muhuri wa suke la mpunga, alama ya kampuni.

Wageni walikaa mbele kwenye viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa vyeupe. Katikati alikaa Meneja Jackson, kijana mwenye suti ya kijivu, mgeni kabisa wa mkoa huu, anajipepea na karatasi ya nyimbo. Kulia kwake Afande Godwin. Kushoto alikaa Mansuri, mwenye duka la gulioni, amevaa kofia na kanzu, amealikwa ili ionekane kwamba Waislamu nao wapo. Mbele yao alisimama mtu mwenye kamera.

Somo lilisomwa kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyakyusa kwa ajili ya wazee: wachungaji makondeni, malaika, utukufu juu mbinguni. Kwaya ikaimba. Kisha jina la Anyelwisye likatajwa.

Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Aliomba kwa Kiswahili, kama alivyoelekezwa. Akashukuru kwa mvua. Akashukuru kwa wageni. Akamwombea Meneja afya na safari njema, na nyuma yake akasikia kamera ikisogea. Kilichobaki kilikuwa neno moja tu.

Alifungua mdomo aliseme, akayaona matope ya bondeni. Akauona mguu ukishuka. Lile neno lilikuwa limepigiwa kelele juu ya mbavu za mwanawe, na sasa, hata alipolitafuta kwa nguvu zake zote, lilikataa kupanda. Hakupanga kuasi. Alitaka mwanawe atoke. Alichota kilichokuwa chini zaidi, neno ambalo mama yake alilisema kila alipofunga mlango wa nyumba jioni.

"Gwe Ntwa," alisema, na sauti ikampasuka, "utupe ulutengano. Bondeni kwetu ulutengano. Kwa mwanangu, ee Bwana, na kwa hawa waliomfunga, utupe ulutengano!"

"Amina," walisema akina mama, wengine wanalia.

Karatasi ya nyimbo iliacha kupepea.

"Samahani," alisema Meneja Jackson. Alikuwa amesimama. "Samahani, mchungaji. Nimesikia vizuri? Utupe utengano? Tumeacha familia zetu siku ya Krismasi tuje tupatane, na mzee anaomba Mungu alete utengano? Mara tatu?"

Mwenye kamera aliishusha kamera.

"Meneja, siyo hivyo," alisema Mansuri, bado amekaa. "Amesema ulutengano. Ni Kinyakyusa. Ndiyo hiyo amani yenyewe. Watu kukaa vizuri pamoja."

"Na wewe ni Mnyakyusa?"

"Mimi? Babu yangu alitoka Kilwa. Lakini watu hawa nimewauzia chumvi na mafuta ya taa tangu sijaota ndevu. Wakigombana dukani kwangu, neno ninalowaambia ni hilo hilo, na wananielewa. Tena wananilipa."

Wachache walicheka. Meneja hakucheka. "Nashukuru, bwana duka. Nimuulize mwenye kanisa. Mchungaji, ni kweli?"

Neno lilikuwa limesomwa pale pale mbele, muda mfupi uliopita, kutoka katika Biblia ya Kinyakyusa, kwa mdomo wa malaika. Wote walilisikia. Wengi walizaliwa ndani yake.

Mchungaji Wilson aligeuka kidogo kuelekea upande wa yale mabati.

"Unajua, Meneja, lugha zetu hizi zina mafumbo mengi," alisema. "Mzee angetumia Kiswahili tu. Nilimwelekeza."

Anyelwisye, bado yuko magotini, aliwatazama watu wake. Wanakwaya walikuwa wanazitazama kanga zao. Mzee mwenzake, aliyesoma lile somo, alikuwa anaifunga miwani yake, anaifungua, anaifunga. Kinywa cha Mansuri kilikuwa wazi. Meneja akatoka nje na simu sikioni.

Afande Godwin alimwinua mzee kwa upole, akamshika mkono hadi nje, chini ya ukingo wa paa.

"Mke wangu ni Mnyakyusa wa Ipinda, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Wanangu wanaombewa kwa neno hilo kila wakilala. Najua ulichosema."

"Basi mwambie, Afande! Nenda ukamwambie!"

"Nimwambie nini? Ameshasikia."

"Amesikia vibaya!"

"Yeye hasikii vibaya, mzee. Akisikia, ndivyo ilivyo." Alivua kofia, akapangusa jasho, akaivaa tena. "Kijana anapelekwa mjini sasa hivi. Kosa lake lilikuwa kuvuruga shughuli. Sasa ni uchochezi, na baba mtu amethibitisha kanisani."

Gari lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya kituo: pikapu ya kampuni, suke la mpunga limechorwa mlangoni. Askari wawili walimtoa Tuntufye. Alijaribu kupanda mwenyewe, goti likakataa, wakambeba wakamlaza juu ya magunia matupu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Anyelwisye alikimbia, akashika ubao wa nyuma kwa mikono miwili.

"Tata." Tuntufye alimtafuta kwa macho. "Kimetokea nini? Uliomba nini?"

"Niliomba…" Neno lilifika kooni. Askari mmoja alikuwa anamtazama mdomo. Mzee alilimeza.

"Uliniombea?"

"Nilikuombea, mwanangu."

"Mbona basi wananipeleka?"

Injini iliwaka. Kutoka kanisani kwaya ilianza upya, kwa nguvu kuliko mwanzo, kama walioambiwa waimbe. Gari likaondoka likirusha tope, na Anyelwisye akakimbia nalo, mkono bado juu ya ubao, mpaka askari alipovibandua vidole vyake kimoja baada ya kingine. Akabaki anakimbia bila kushika kitu.

"Nitaomba tena!" alipaza sauti. "Tuntufye! Nitaomba tena mbele yao, na safari hii nitaomba kwa Kiswahili! Kiswahili kitupu, mwanangu! Neno letu sitalitia tena mdomoni! Nakuahidi!"