Mguu Uliochomelewa

Pikapu ilikuwa imeshaliacha geti la kiwanda cha mawese, Tiopan kakaa nyuma na begi lake na kitambaa cha harusi kilichofungwa kwenye nailoni. Shemeji yake Binsar, mume wa dada yake, alikuwa anakimbia pembeni kumuaga.

"Usimalize nguruwe, shemeji! Mimi baba wa bibi harusi nafika Jumamosi, nibakizie hata mkia!"

"Mkia utaukuta. Rudi kazini."

"Kazi nimemaliza! Lile tangi lako linalotembea nimelifunga mguu. Nimeuchomelea pande zote mbili. Halitorokei tena Malaysia!"

Tiopan akagonga paa. Dereva akasimama.

Tangi hilo la kupikia matunda kwa mvuke alilichora Tiopan mwenyewe: mita ishirini, limelala juu ya miguu miwili. Vitoroli vya matunda ya michikichi huingia kwa mlango wa mbele, hutokea kwa wa nyuma. Mguu wa mbele aliufunga. Wa nyuma aliuachia matundu marefu, nati zimelegea, grisi chini, maana chuma hicho kikipata moto hurefuka upana wa kidole gumba, na kikizuiwa hutafuta pa kupasukia. Ila hakuandika popote kwamba mguu huo usifungwe. Wala hakufikiria kwamba tangi likirefuka, reli ya ndani itasukumana na ya nje na vitoroli vitaanguka. Mwezi mzima Binsar alivinyanyua kwa mgongo wake.

"Kata ulipochomelea, shemeji. Leo, kabla ya mvuke."

"Meneja atanila nyama. Matunda ya siku mbili yako uani yananuka. Shuka basi umwambie wewe mwenye kalamu."

Tiopan akaitazama barabara. Basi la Balige, kwenye harusi, lilikuwa linaondoka saa tano. Harusi ya kabila lao, Wabatak, ambayo mjomba hajamfunika bibi harusi kitambaa si harusi, ni watu wamekuja kula. Na meneja yule angemkalisha siku tatu za mabishano. Akapiga hesabu kichwani: mipiko miwili, mitatu, chuma kitavumilia.

"Kesho, basi. Niahidi."

"Nimeahidi. Nenda ukamfunike mwanangu."

Kesho yake, Ijumaa, mpiko wa nne, tumbo la tangi lilipasuka juu kidogo ya mguu wa nyuma. Binsar alikuwa amechuchumaa pale na grainda yake ya kukatia chuma, anasubiri lipoe. Alikufa Jumamosi. Suroso, mfanyakazi mwenzake aliyekuwa mlangoni, alipofuka macho. Meneja alihamishiwa kiwanda kingine. Binti aliolewa mwaka uliofuata, bila ngoma. Kitambaa ambacho Tiopan alikitandaza wiki ile kilikuwa cheusi, juu ya kichwa cha dada yake, maana kumfunika mjane nako ni kazi ya kaka. Tiopan hachori tena, anauza vipuri vya pikipiki mjini Dumai. Tangi lilitiwa kiraka, likarudi kazini. Mguu wa nyuma umeandikwa kwa rangi nyekundu: USIFUNGE.