Nyumba ya Wake Wawili

Friji ilikohoa gizani, ikaguna, kisha ikaanza kunguruma. Umeme umerudi kijijini Zinga. Zuwena alijichomoa taratibu chini ya mkono wa mwanawe Lulu, akawasha kompyuta kabla hata adhana ya alfajiri haijasikika.

Wivu haulali. Jana, katika darasa la jioni, programu ya Adila ya kuwakumbusha kina mama siku za chanjo ndiyo iliyochaguliwa. Leo asubuhi inaanza kazi zahanati. Ya Zuwena ilishika nafasi ya pili.

"Yangu haina kosa hata moja," Adila alikuwa amesema darasani, akijitanda ushungi kama bibi harusi anayejua anatazamwa.

Mwalimu Ridhiwani alicheka. "Programu isiyo na kosa, binti, ni ile ambayo haijapata mtumiaji." Akawagawia wote nakala waijaribu.

Sasa Zuwena aliijaribu, ila si kwa moyo mweupe. Aliipekua kama mke anavyopekua mifuko ya mumewe. Akajaza majina ya kwao Kiwangwa: mume: Bwanausi, baba yake; simu: ile moja ya nyumba nzima; mke: Mwanamkasi, bi mkubwa. Ikakubali. Akamwongeza mama yake mzazi, bi mdogo, kwa simu ile ile. Namba moja, mke mmoja: Mwanamkasi akafutika kimya kimya, kana kwamba hakuwahi kuolewa.

Utamu ukampanda Zuwena hadi kooni. Anyamaze tu, Adila aumbuke mbele za watu. Lakini akilini akamwona mtoto wa bi mkubwa fulani, mgongoni kwa mamaye, ambaye hakuna atakayemwita kwenye chanjo. Utamu ukawa shubiri.

Akayajaza majina yale katika programu yake mwenyewe, apate walau la kujivunia. Mwanamkasi akafutika tena. Na Zuwena mwenyewe alilelewa kwenye mapaja ya wake wote wawili.

Akampigia Adila simu.

"Shoga, programu yako inafuta wake wakubwa."

"Umeamka alfajiri yote hii kunitafutia kosa?"

"Ndiyo. Na nilitamani sana nilipate."

"Mwanahizaya wewe. Na yako je?"

"Nayo inafuta."

Adila akaguna, karibu acheke. "Haya, njoo turekebishe kabla zahanati haijafunguliwa. Lakini tukilitoa hili, Zuwena, ni lipi jingine limejificha?"

Lulu, aliyeanza kusoma mwaka huu, alikuwa ameamka, amesimama begani kwa Zuwena, kidole kikitembea juu ya kioo, jina hadi jina.

"Bibi Mwanamkasi hayupo," akasema.