D Iliyochuchumaa

"Afande, mashine hii haitoki," alisema Mama Nakala, akaikumbatia taipureta yake kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

Askari akatazama amri mkononi: mashine zote za serikali iliyopita zitolewe, mpya zinakuja. "Mama, mbona unanipa kazi? Chuma tu hicho."

"Mpya zimefika?"

"Bado."

"Basi barua za waziri wako utaziandika kwa kidole?"

Askari akakuna kisogo, akabeba mashine yangu na kuondoka. Ya Mama Nakala ikabaki.

Ilikuwa siku ya nne tangu wanajeshi wachukue nchi. Sisi wawili tulikuwa wapiga chapa wa Wizara ya Mambo ya Nje, chumba cha mwisho kwenye korido, jirani na choo. Mimi nilikuwa na miaka miwili pale. Yeye alikuwepo tangu serikali ya kwanza. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna karatasi iliyotoka bila nakala yake kubaki kabatini. Wallahi, alizitunza nakala kuliko meno yake. Mashine yake ilikuwa na kilema kimoja: herufi d ilishuka chini ya mstari. Kila d ilichuchumaa. Fundi alihangaika nayo mara tatu, akasalimu amri.

Wanajeshi walikuwa wamefunga mpaka, wakisema nchi jirani imemficha rais waliyempindua. Mama yangu mzazi alikuwa upande wa pili. Alikwenda kumuuguza mdogo wake kwa wiki moja tu, akasahau hata dawa zake za presha mezani. Wapiganapo tembo nyasi huumia, watu husema, tena husema kirahisi. Nyasi yenyewe ilikuwa mama yangu.

Mashine mpya ilikuwa imeshawekwa mezani pangu ilipoletwa rasimu ya waziri mpya. Miaka yote barua za kwenda nchi ile zilianza kwa "Ndugu zetu." Yeye alikuwa ameyakata maneno hayo kwa mistari miwili. Badala yake: *Kwa serikali husika. Tunadai jibu ndani ya siku tatu, la sivyo...* Nilipofika kwenye "la sivyo" machozi yakanitoka. Nikamwomba Mama Nakala alainishe kidogo. Nani angejua?

"Thubutu!" Sijapata kumwona mkali vile. "Siku mpiga chapa akianza kubadili maneno ya waziri, binti yangu, hii si wizara tena, ni kijiwe. Tutaandika alichosema, nukta kwa nukta." Akaingiza karatasi, akainyoosha. "Ila hakusema tuandike kwa mashine gani."

Sikumwelewa. Niliona ukaidi wa mtu mzima, basi. Jioni ile niliondoka bila kumuaga, na mpaka leo naona haya.

Jibu lilifika siku ya tatu. Nililifungua kabla sijakaa. Hawakutukana, hawakutishia. Waliomba wajumbe wakutane mpakani, na barua yao ilianza, "Ndugu zetu." Baada ya wiki mbili mpaka ukafunguliwa. Mama akarudi amekonda, akauliza kwanza nani alikuwa akimwagilia maua yake. Nililia mpaka akanicheka.

Miaka ikapita. Wanajeshi wakaondoka, tukapiga kura, akaja waziri aliyewaita majirani "washirika wa kimkakati." Mama Nakala alikuwa amestaafu nilipopelekwa kwenye kikao upande wa pili. Wakati wa chai karani mmoja mzee wa wizara yao akanisogelea.

"Wewe ndiye wa chumba cha d inayochuchumaa?"

Chai ikanipalia.

Akanieleza kwamba siku zile waziri wao alikuwa ameshaandika jibu la moto, limebaki kutiwa sahihi. Yeye akampelekea faili la barua zetu za miaka yote, ile ya vitisho akaiweka juu. "Nikamwambia, mheshimiwa, itazame hiyo *tunadai*. D yake ndiyo ile ile ya *ndugu*. Waliokuwa wakituandikia bado wapo. Wenye nyumba ni wale wale, ila kuna mtu anapiga kelele sebuleni. Tumsubiri achoke."

Niliporudi sikupitia hata kwangu. Nilimkuta Mama Nakala kibarazani, akichambua mchele.

"Kumbe ulijua!"

"Nilijua wana macho," akasema. "Wewe je, bado umeninunia?"

Alifariki mwaka jana. Sasa mimi ndiye mkuu wa chumba kile, na nimeshapokea mawaziri watatu. Kila mmoja huja na sera mpya kabisa, na kabla mwaka haujaisha huniita taratibu: "Mama, hebu niletee zile barua za zamani."

Wiki moja baada ya mazishi ilifika bahasha kutoka wizara ya nchi jirani. Haikuandikwa kwa waziri. Iliandikwa kwetu, chumba cha mwisho. Aliyeitia sahihi simfahamu. Yule karani mzee alikwishastaafu. Ilikuwa kazi ya kompyuta, karatasi nzuri, mistari imenyooka: *Ndugu zetu, tumepokea kwa huzuni...*

Nikaisogeza dirishani. Kila d ilikuwa imeshushwa chini ya mstari, moja moja, mpaka mwisho wa barua.

Nilitoa nakala mbili. Moja nilimpelekea Mama Nakala kaburini. Nyingine ipo kabatini.