Nusu ya Kuni

Kwetu Chiloé, kisiwa cha kusini mwa Chile, anayekukatia kuni huondoka na nusu yake. Tangu mume wangu afariki, mdogo wake Custodio amekuwa akija kila mwaka kabla ya baridi na msumeno wake wa petroli. Anakata, anapakia nusu kwenye mkokoteni wa ng'ombe, anakwenda zake. Mwaka jana nusu yangu iliisha mvua ikiwa bado inanyesha kwa hasira, nikachoma mbao za banda la kuku. Nikasema basi. Mwaka huu magogo yangu yote yatabaki hapa kwangu.

Nikanunua msumeno wa mnyororo, ule wa umeme. Kabla ya kuuchomeka niliulaza juu ya meza ya jikoni nikaukagua taratibu, kama mtu anayechambua maharage. Kuna bapa refu la chuma, na mnyororo wenye meno unaolizunguka. Kuna tundu la mafuta ya kulainisha mnyororo. Swichi yake haibonyezeki mpaka dole gumba lisukume kwanza kitufe kidogo cha pembeni. Na mbele ya kishikio cha mkono wa kushoto kuna kinga pana: ukiisukuma mbele, mnyororo unakwama papo hapo, ukiivuta kwako, unaachia.

Custodio alifika asubuhi, akanikuta uani nimevaa buti na miwani, waya umetoka dirishani.

"Shemeji, hicho ni cha kukatia jibini?"

"Cha kukatia kuni zangu."

"Magogo haya ya luma? Yatakuvunja meno, yako na ya msumeno."

Akauchukua, akaugeuza, akatoa bisibisi mfukoni. "Kwanza tuitoe hii kinga. Inamziba mtu asione. Ya msumeno wangu niliitoa siku ile ile niliyoununua. Wanaume wote huku wamezitoa."

Nikaweka kiganja juu ya kinga. "Basi wanaume wote huku wamekosea. Rudisha bisibisi yako."

"Una kichwa kigumu kama marehemu kaka. Haya, kata gogo moja. Ukishindwa nakata mimi, nusu kwa nusu."

"Na nikiweza?"

"Ukiweza, nusu sidai. Wala mwakani."

Akakaa juu ya kisiki, mikono kifuani.

Nilivuta mnyororo kidogo kwa vidole vyenye glavu, haukulegea. Nikapitisha waya kwenye ndoano iliyo nyuma ya msumeno ili usichomoke, nikautupa waya upande wa mgongo wangu. Kitufe, kisha swichi. Luma ni mti mgumu, vumbi lake jekundu lilitoka kidogo kidogo, lakini lilitoka. Nilikuwa nimepita katikati pale ncha ya bapa ilipogusa gogo jingine lililojificha nyuma. Msumeno uliruka kunijia usoni. Kifundo cha mkono wangu kikagonga kinga, mnyororo ukanyamaza.

Custodio alikuwa ameshasimama. "Umeona? Ungekufa."

"Kinga ya msumeno wako iko wapi?"

"Bandani huko. Sijui."

"Basi ungekufa wewe."

Alikuja akautazama mkono wangu. "Unatetemeka, shemeji. Acha, nimalizie mimi."

"Unatetemeka, lakini upo. Kaa."

Nikachomoa waya. Nikaukagua mnyororo jino kwa jino, nikaliviringisha lile gogo la nyuma kwa mguu mpaka likaenda mbali. Nikangoja mkono utulie; sikuona haya kungoja mbele yake. Kisha nikachomeka, nikaivuta kinga kwangu, nikarudi kwenye ule ule mkato. Kipande kikadondoka kwenye matope.

"Umechukua asubuhi nzima," akasema.

"Asubuhi ni yangu."

Nikamkaribisha chai yetu ya majani iitwayo mate, na mikate ya viazi. Akanywa, akashukuru, akawageuza ng'ombe. Mkokoteni mtupu una kelele zake. Niliusikia ukigongagonga mawe mpaka kule kanisani. Majirani walitoka milangoni kutazama.

Mimi nikaongeza mafuta kwenye tundu, nikavuta gogo la pili.