Magunia ya Ukindu Mwekundu

Bi Shahida alijifunza kusoma ukubwani, wajukuu washamzunguka, kwa hivyo herufi alikuwa akiziheshimu kama wageni. Ndiyo maana Hashil, fundi wa chokaa, alimtaka yeye akae mlangoni pa nyumba ile ya Mji Mkongwe iliyokuwa ikigeuzwa hoteli, ashike daftari. Akamletea na kiti chenye mto, mgongo usije ukamsumbua.

Kazi yenyewe ilitokana na cheti. Wenye hoteli walitaka cheti cha jengo lisilochafua mazingira, na wanaokitoa walitaka kila kitu kiandikwe: dizeli iliyochomwa na jenereta mwaka ule wa 2008 umeme ulipokatika, safari za lori, magunia ya kifusi. Chokaa kuukuu haikutakiwa kutupwa. Ipondwe, ichekechwe, irudi ukutani. Kila gunia alilolipima, Bi Shahida alilifunga mdomo kwa ukindu mwekundu uliobaki aliposuka mikeka yake, mafundo mawili.

Asubuhi ya ukaguzi, akitoka kwake Ng'ambo, alikuta majirani wamekunja nguo wanazoa maji machafu uani. Mtaro umeziba. Alichungulia. Magunia thelathini na manane yalikuwa yamelala mle, ukindu mwekundu mdomoni, mafundo mawili mawili.

Alifika kazini miguu imelowa. Msabah, msimamizi, alimsubiri mlangoni.

"Shikamoo, Bi Shahida."

"Marahaba."

"Hapo kwenye magunia, andika yote yamerudi ukutani. Mkaguzi yuko njiani."

"Yote? Na yale yanayokoga mtaroni kwetu?"

Hashil aliacha kuponda. Msabah akashusha sauti.

"Bi mkubwa, gunia ni gunia. Nani atajua limetoka wapi?"

"Mimi. Nimelifunga mwenyewe."

"Nnaweza kumweka mtu mwengine kwenye kiti hicho sasa hivi."

"Kiti si chako, kakileta Hashil. Kazi ichukue. Lakini mkono huu hauandiki uongo, mwanangu. Miaka hamsini nimeusubiri ujue kuandika."

Akakaa. Akafungua daftari mbele ya macho ya Msabah, akaandika polepole: *Magunia 38 yametupwa mtaroni, Ng'ambo.*

Mkaguzi, Bi Rawiya, alipofika, Msabah alianza kueleza. Bi Shahida hakumkatiza. Alimnyooshea mkaguzi daftari tu. Bi Rawiya akasoma ukurasa mzima amesimama juani.

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Basi leo cheti hakuna," Bi Rawiya alimwambia Msabah. "Ntarudi baada ya wiki mbili. Nnataka magunia haya yawe yamerudi, na mwandiko nnaotaka kuuona ni huu huu."

Alipoondoka, Msabah aliita dereva wa lori.

"Lori nalo ntaliandika moshi wake," alisema Bi Shahida, bila ya kuinua kichwa.

"Unataka tubebe kichwani?"

"Mkokoteni upo."

Mafundi wakacheka, Hashil akiwa wa kwanza kuushika mkokoteni. "Yatataka kuoshwa na kuanikwa," alinung'unika, lakini alikuwa keshatoka.

Adhuhuri mzigo wa mwanzo ulifika, unavuja maji meusi. Msabah aliutazama, akatazama viatu vyake vipya. Kisha akakunja mikono ya shati, akanyanyua gunia moja, akaliweka kwenye mizani taratibu, lisimrukie bibi matope.

Bi Shahida aliliona hilo. Alichukua kalamu.

"Soma kilo, mwanangu. Kwa sauti."